REDIO YA GARI IMENYAMAZA

Fikiri kwamba wewe ni dereva. Gari lako ni Noah kuukuu. Unabeba abiria kati ya Kyela, Ipinda na Matema. Leo mvua imenyesha tangu alfajiri. Umesimama Ipinda, abiria wameketi, na magunia mawili ya mpunga yako nyuma. Unawasha redio ili usikie taarifa ya habari. Taa ya redio inawaka. Namba zinaonekana. Lakini sauti hakuna.

Unaongeza sauti. Kimya. Unaipiga redio kofi. Kimya. Mama mmoja aliyeketi nyuma anasema, "Baba, ipige tena, labda imelala." Abiria wanacheka. Wewe hucheki, kwa sababu unawaza fedha za kununua redio nyingine.

Ngoja kwanza. Usinunue kitu leo. Mara nyingi redio ya namna hiyo haijafa. Kilichoharibika ni kitu kidogo, na kitu hicho unaweza kukitafuta wewe mwenyewe ukiwa na bisibisi, betri moja ya tochi na macho yako.

Huenda ukasema redio ya gari ni mambo ya anasa. Katika miji mingine labda ni kweli. Hapa kwetu Kyela sivyo. Wilaya hii ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kupita zote katika Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha Machi, Aprili na Mei. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani na kujaa kwa haraka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza tahadhari ya mvua kubwa, na pia ya upepo mkali katika Ziwa Nyasa. Tahadhari hizo husomwa redioni. Dereva akizisikia huwaambia abiria, na abiria wakishuka Matema huwaambia wavuvi. Redio moja ya gari husikiwa na watu wengi kwa siku.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza Redio Tanzania, kisha wakasoma kitabu na kujadiliana. Karibu watu milioni 2 walishiriki katika nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Siku ambayo redio ya kikundi ilinyamaza, kikundi kilikosa somo. Kwa hiyo watu walijifunza kuangalia betri, kufuta kutu na kukaza waya. Ujuzi huo ndio tunaoutaka leo, ila sasa redio imo ndani ya dashibodi.

SOMA HERUFI KABLA YA KUFUNGUA KITU

Anza na jambo rahisi ambalo watu hulisahau. Tazama vibonyezo vya redio. Kimoja huwa kimeandikwa MUTE. Hilo ni neno la Kiingereza, maana yake ni kunyamazisha. Huhitaji kujua Kiingereza. Wewe unajua kusoma, basi tafuta herufi hizo nne: M, U, T, E. Mtoto akikibonyeza kwa kucheza, redio itawaka lakini haitasema. Kibonyeze tena, sauti itarudi.

Kuna herufi nyingine, BAL na FAD. BAL hupeleka sauti upande wa kushoto au wa kulia. FAD huipeleka mbele au nyuma. Kama spika za nyuma ziliharibika zamani, na mtu akasukuma sauti yote iende nyuma, utadhani redio imekufa. Rudisha zote mbili katikati, kwenye sifuri.

Tazama pia redio inasoma nini. Huenda inasubiri simu, au flashi ambayo imekwisha kuchomolewa. Irudishe kwenye FM, sikiliza.

Hapa nitaeleza kosa langu mwenyewe, ingawa ni aibu. Niliwahi kuwa na gari dogo lililotoka Japani. Betri yake ilikufa, nikaweka mpya. Siku hiyo hiyo redio ikaacha kuimba. Kwenye kioo chake kukawa na herufi tatu: ERC. Nilizitazama herufi hizo kwa wiki nzima bila kumwuliza mtu yeyote. Kisha nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Hii imekufa, mzee." Akaniuzia nyingine, na ile yangu akabaki nayo. Baadaye nilijua kwamba haikuwa imekufa hata kidogo. Redio nyingi za Toyota za Japani hujifunga zenyewe betri inapoondolewa, ili mwizi asifaidike nazo. Huomba namba ya siri. Fundi mwenye ujuzi huweza kuipata namba hiyo kwa kutumia namba ya redio yenyewe. Nililipia redio mpya kwa sababu ya herufi tatu.

JE, NI KIMYA AU NI MKWARUZO?

Swali hili ni muhimu. Sikiliza vizuri. Kama spika zinatoa mkwaruzo, "shaaa", kama mvua juu ya bati, basi spika ni nzima na redio ni nzima. Kinachokosekana ni kituo. Angalia antena. Huenda imevunjika au waya wake umechomoka nyuma ya redio.

Kwa magari yaliyotoka Japani kuna sababu nyingine. Kule Japani vituo vya FM vilipangwa kuanzia namba 76 hadi 90. Kwetu huanzia karibu 88 hadi 108. Redio ya Japani ikifika 90 husimama, haiendi mbele. Kwa hiyo vituo vyetu vingi haivioni kabisa. Ndiyo maana wenye magari hufungiwa kifaa kidogo kwenye waya wa antena, cha kushusha mawimbi ili redio iyapate. Ukiona kituo cha namba 100 na kitu kinasikika kwenye namba 84, usishangae, ni kazi ya kifaa hicho. Kifaa hicho kikikosa umeme au kikichomoka, vituo vyote hupotea mara moja. Lakini mkwaruzo hubaki. Na flashi, kama redio yako inaisoma, itaendelea kuimba kama kawaida.

Kama hakuna hata mkwaruzo, endelea kusoma.

FYUZI NA NAMBA YAKE

Kama redio haiwaki kabisa, wala taa wala namba, tafuta fyuzi. Iko katika kisanduku chini ya usukani au karibu na injini. Redio nyingi pia zina fyuzi moja mgongoni mwake. Katika magari mengi fyuzi ya redio ndiyo ya kiwashio cha sigara, pale watu wanapochomeka chaja ya simu. Kwa hiyo jaribu chaja. Kama nayo imekufa, karibu hakika ni fyuzi.

Zima gari. Chomoa fyuzi, itazame juani. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa chuma. Ukiwa umekatika, fyuzi imeungua. Juu yake kuna namba. Isome. Fyuzi ya 10 ni nyekundu, ya 15 ni buluu, ya 20 ni ya njano, ya 30 ni ya kijani. Weka nyingine yenye namba ile ile.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa pana hatari. Utamwona mtu anachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya, anaufunga mahali pa fyuzi. Redio inaimba, naye anajiona fundi. Fyuzi imewekwa ili ikatike yenyewe kabla waya haujapata moto. Ukiweka kitu kisichokatika, kitakachoungua ni waya ulio ndani ya dashibodi. Waya huo umefunikwa na plastiki, na jirani yake ni nyaya nyingine nyingi zilizofungwa pamoja. Moto ukianza humo huuoni mpaka moshi utokee. Gari lina petroli na abiria, na mlango unaofunguka ni mmoja. Ni bora usafiri hadi Matema bila redio.

Fyuzi mpya ikiungua tena mara tu unapoiweka, usiweke ya tatu. Kuna waya mahali fulani unaogusa bodi la gari. Utafute huo.

TAA INAWAKA, SAUTI HAKUNA

Turudi kwenye gari lako pale Ipinda. Taa inawaka, kwa hiyo umeme unafika. Umeangalia MUTE, umeangalia BAL na FAD. Mkwaruzo haupo. Je, spika zote nne zimenyamaza au moja tu?

Weka sikio lako kwenye kila spika. Kama tatu zinasema na moja ni kimya, tatizo ni la spika hiyo au waya wake. Kama zote nne ni kimya, usizilaumu spika. Spika nne hazifi saa moja kwa pamoja, kama vile kuku wanne wa nyumba nne hawafi usiku mmoja bila sababu moja. Tafuta hiyo sababu moja.

Mara nyingi ni hii. Kila spika ina nyaya mbili. Waya mmoja wa spika ukichubuka na kugusa bodi la gari, redio huona hatari. Hukata sauti ya spika zote ili isiungue. Baadhi ya redio huandika neno PROTECT kwenye kioo. Nyingine haziandiki kitu, zinanyamaza tu. Mwenye gari husema redio imekufa, kumbe inajilinda.

Pengine utasikia fundi wa zamani akisema, "Waya mmoja wa spika ufunge kwenye bodi, inatosha." Alijifunza hivyo kweli, kwa sababu redio nyingi za zamani zilifungwa namna hiyo. Redio za sasa hazikubali. Kila spika inataka nyaya zake mbili zirudi kwenye redio.

Waya huchubukia wapi? Mahali pa kwanza ni kwenye bawaba za mlango. Kila abiria anapopanda na kushuka, waya unakunjwa na kukunjuliwa. Hesabu mara ngapi mlango wa Noah unafunguliwa kutoka Kyela mpaka Matema, halafu zidisha kwa miaka mitano. Chuma gani kitavumilia? Fungua mpira unaofunika waya kati ya mlango na bodi, uvute taratibu. Ukinyooka kama uzi wa mpira, umekatika ndani ingawa nje unaonekana mzima.

Mahali pa pili ni chini ya viti na nyuma, na mkosaji hapo ni panya. Gari linalobeba mpunga hubeba punje sakafuni. Punje huita panya, na panya akishiba mpunga hunoa meno yake kwenye nyaya. Wenye magari ya Kyela wanajua. Fagia gari jioni, na usiliache na punje usiku. Nasema hivi kwa uchungu kidogo.

Mahali pa tatu ni ndani ya mlango wenyewe. Maji ya mvua hupita pembeni mwa kioo na kushuka ndani. Chini ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Tope likiyaziba, maji hukaa, na spika huogelea. Spika nyingi zimetengenezwa kwa karatasi ngumu. Katikati ya karatasi hiyo kuna waya mwembamba uliozungushwa, na nyuma yake kuna sumaku. Umeme wa redio ukipita katika waya huo, waya huvutwa na kusukumwa na sumaku, karatasi inatikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Karatasi ikiloa hulainika na kupasuka. Waya ukipata kutu hukatika. Zibua matundu ya milango kwa kijiti kabla ya masika.

JARIBIO LA BETRI YA TOCHI

Sasa tupime. Zima redio, ondoa ufunguo. Kwanza zichomoe nyaya za spika kwenye redio, kwa sababu hutaki umeme wa betri uingie ndani ya redio. Chukua betri moja ya tochi, ile ya volti 1.5. Waya mmoja wa spika ushike kwenye kichwa cha betri. Waya wa pili gusisha kwenye kitako, mguso mfupi tu, kisha ondoa. Usiushikilie.

Kama spika ni nzima itatoa sauti, "tku!" Ukiondoa, "tku" tena. Kama haisemi kitu, fungua kifuniko cha mlango, uguse betri kwenye spika yenyewe. Ikisema hapo, spika ni nzima na waya wa mlangoni umekatika. Isiposema hata hapo, spika imekufa. Umeijua kwa betri ya tochi, bila kumlipa mtu yeyote.

Baada ya hapo jaribu redio. Nyaya zote za spika zikiwa zimechomolewa, funga spika moja nzima moja kwa moja kwenye redio. Unaweza kuazima spika ya redio iliyokufa nyumbani, ila isiwe ndogo mno, na usiongeze sauti sana. Washa. Ikisema, redio yako ni nzima. Furahi, lakini kazi haijaisha. Zima, rudisha jozi ya kwanza ya nyaya za gari, washa, sikiliza. Zima, rudisha ya pili, washa. Endelea hivyo. Jozi ambayo ikirudishwa tu redio inanyamaza, hiyo ndiyo yenye kosa. Fuata waya wake mpaka umpate panya au bawaba.

Rangi za nyaya zitakusaidia. Kwa redio nyingi zinazouzwa madukani, njano ni ya umeme wa betri wa wakati wote, nyekundu ni ya umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, na nyeusi ni ya bodi. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni mwenzake wa pili. Lakini angalia: hizo ni rangi za redio. Nyaya za gari lenyewe zina rangi zake, na kila kampuni ina mtindo wake. Usifunge rangi kwa rangi kwa kubahatisha. Njano na nyekundu ndizo zinazobeba umeme wa betri. Zikigusishwa kwenye waya wa spika, redio huungua papo hapo, na hapo kweli itakuwa imekufa.

Waya uliokatika uchune, usokote vizuri, ufunike kwa utepe wa umeme. Kulehemu kwa risasi ni bora zaidi, hasa kwa unyevu wa huku kwetu. Karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa uzi haifai. Maji hupita.

WENYE MALORI

Neno moja kwa mwenye lori linalobeba kokoa au mpunga. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa, na umeme wake ni volti 24. Redio nyingi za madukani ni za volti 12. Soma maandishi mgongoni mwa redio kabla ya kuifunga. Ukiipa 24 haitakuonya. Wengine huchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya hizo mbili. Redio huimba, lakini betri hiyo huchoka kuliko mwenzake, na ile nyingine hujazwa kupita kiasi. Baada ya miezi michache unanunua betri mbili, na betri mbili ni ghali kuliko kifaa cha kupunguza volti.

UKILAZIMIKA KWENDA KWA FUNDI

Kama umefunga spika nzima moja kwa moja kwenye redio na bado ni kimya, basi kosa limo ndani ya redio. Usiifungue. Ndani kuna vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na bisibisi ya gari haiviwezi. Hapo mpelekee fundi. Lakini usiende kama nilivyokwenda mimi. Nenda na maelezo.

"Ugonile, fundi."

"Ndaga, baba. Kuna nini?"

"Redio inawaka, haisemi. Spika zote nne nimezipima kwa betri, zinasema. Nimefunga spika nyingine moja kwa moja, kimya. Fyuzi ni nzima, namba 10."

Fundi akisikia hayo atajua anazungumza na mtu gani. Mwombe akutengenezee mbele yako kama inawezekana. Akisema kimoja kimekufa, mwombe akurudishie hicho cha zamani. Si ugomvi, ni kawaida ya kazi.

Kabla ya kumwachia redio, igeuze. Mgongoni au ubavuni kuna kibandiko chenye namba ndefu. Chukua kalamu, iandike namba hiyo kwenye daftari, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na jina la fundi. Chora pia nyaya, na rangi ya kila mmoja ulikotoka. Daftari hilo usiliweke kwenye gari. Liweke nyumbani, kwa sababu mwizi akichukua redio atachukua na daftari.

Na yule mama aliyesema redio imelala bado anasubiri kufika Matema. Zima, funga milango, uondoke. Kazi hii utaifanya jioni, gari likiwa limesimama na mvua imekatika.